Saa Mbili na Dakika Kumi na Mbili

Msikilizaji, nianze na viazi.

Usiku wa Alhamisi, tarehe 3 Julai mwaka 2025, nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katika jiko la nyumba moja ya ghorofa huko Lower East Side, kusini mwa kisiwa cha Manhattan, jijini New York, ninamenya viazi. Jiko lenyewe la watu wawili, tulikuwemo watano. Mwenye nyumba ni binti wa miaka 26, tunafanya kazi ofisi moja, meza yake inatazamana na yangu. Jina lake nitalihifadhi, maana redio hufika mbali na yeye hajanipa ruhusa. Alikuwa anakatakata vitunguu, machozi yanamtiririka, simu ameibana kati ya sikio na bega, anabishana na mama yake kuhusu idadi ya mikate. Mama yuko New Jersey, hatakula hata tonge, lakini kwenye mikate ana la kusema. Nikacheka moyoni. Nilidhani akina mama wa namna hiyo wako kwetu Wete, Pemba, peke yake.

Alikuwa amenialika kwa maneno mepesi sana: "Wikendi hii sikukuu, njoo upumzike na sisi." Basi kama kule ndiko kupumzika, mimi tangu nizaliwe sijapata kufanya kazi.

Ngoja nikupangie siku, tusije tukapotezana. Tarehe 4 Julai Wamarekani huadhimisha uhuru wao, ule uliotangazwa mwaka 1776. Mwaka 2025 iliangukia Ijumaa, kwa hiyo watu wengi walipata siku tatu mfululizo. Mwenyeji wangu ni Myahudi anayeshika Sabato. Ndani ya siku hizo tatu alikuwa na sikukuu ya taifa Ijumaa mchana, Sabato kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumamosi usiku, na Jumapili harusi ya rafiki yake milimani, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari. Yote hayo na watu wale wale, marafiki wanane au tisa: mwalimu, muuguzi, wawili wa kompyuta, mwanasheria anayeanza, na mmoja asiye na kazi ambaye ndiye aliyekuwa na shughuli kuliko wote.

Tena sisemi kwamba wote wanashika Sabato. Mmoja wao Ijumaa usiku alifika kwa treni, jambo ambalo mwenye nyumba hawezi kulifanya. Hakuna aliyemuuliza amefikaje. Wakamsogezea kiti.

Kwa msikilizaji wa Kisii, wa Mara au wa Upare, mahali penye Waadventista wengi, hili la Sabato kuingia Ijumaa jua likizama si geni. Anajua maana ya siku ya maandalio. Na hata kwetu sisi wa pwani si geni hivyo. Mzee wa zamani akikwambia "usiku wa Ijumaa" ana maana ya usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa sababu kwake siku huanza jua likitua. Tulipoachana na Wayahudi ni kwenye kuhesabu. Sisi tumeanza kuhesabu baada ya Ijumaa, ndipo tukapata Jumamosi, ile ya kwanza. Wao huanzia Jumapili: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hazina majina, zina namba tu, mpaka ifike ya saba ndiyo yenye jina lake. Siku ile ile moja, kwetu ni mosi, kwao ni ya mwisho. Nilimweleza hayo nikiwa kwenye kiazi cha kumi na mbili. Akaweka kisu chini. "Kwa hiyo nyinyi wiki mnaifungulia kwenye Sabato," akasema. Mimi nimeisema Jumamosi maisha yangu yote, sikuwahi kuliona hilo.

Ila jua la kule halina haraka. Mwezi wa Julai, New York, linazama saa 2:30 usiku kwa saa zetu. Wakati huo Wete watu wameshaswali Isha na watoto wanatishwa walale. Kule bado kweupe, watu wanacheza mpira. Desturi ni kuwasha mishumaa ya Sabato dakika kumi na nane kabla ya jua kuzama. Piga hesabu mwenyewe. Kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku, palibandikwa kikaratasi chenye namba moja tu: saa mbili na dakika kumi na mbili. Ijumaa yote ilipimwa kwa kikaratasi kile.

Asubuhi tulivuka mto kwenda Prospect Park, bustani kubwa ya Brooklyn, kwenye sehemu zilizotengwa za kuchomea nyama. Jiko tulibeba la kwetu, na koleo zetu, na hata chumvi. Soseji zilikuja pakiti mbili. Mmoja akaipindua ya kwanza kutafuta alama ya rabi aliyesimamia uchinjaji. Akaiona, akakunja uso, akaiweka kando. Kumbe si kila alama inaaminiwa na kila mtu. Wakaanza kujadili nani anamwamini nani, kwa jina na kwa ukoo, na mimi nikajiona niko nyumbani kabisa, maana nimeshasikia mjadala huo huo mbele ya bucha.

Mwenye kukosa kazi alitushikia simu tuangalie mashindano ya kula soseji yanayofanyika kila tarehe 4 Julai kule Coney Island, kwenye mgahawa wa Nathan's, ulioanzishwa mwaka 1916 na Nathan Handwerker, Myahudi aliyehamia kutoka Poland. Bingwa, Joey Chestnut, alikula soseji sabini na nusu pamoja na mikate yake kwa dakika kumi. Waliokuwa pale bustanini hawawezi kula hata moja ya zile. Si kosha, si halali kwao.

Kisha likapita gari la aiskrimu na kengele yake. Hapo ndipo nilipowahurumia. Mtu akishakula nyama hali maziwa mpaka saa kadhaa zipite, na idadi ya saa hufuata asili ya ukoo. Wengi wao saa sita. Mwanasheria, ambaye wazee wake ni wa Ujerumani, saa tatu. Muuguzi akasema yeye kwao Uholanzi, saa moja inamtosha, akaangalia saa yake, akaenda zake kupanga foleni huku wenzake wakimzomea.

Tuliondoka saa 11 jioni. Treni ikasimama chini ya ardhi, kati ya kituo na kituo, kwa muda ambao sikuupima lakini mwenyeji wangu aliupima. Mtu mwingine treni ikikwama hukasirika. Yeye alikuwa kimya, anahesabu vidole. Baadaye akaniambia alikuwa anapanga tukitokea kituo gani tutembee, na sufuria ipi iachwe mbichi. Tulifika nyumbani saa moja kasorobo. Watu watano, bafu moja.

Msikilizaji, ile saa moja na nusu iliyofuata ningependa uione. Mtu anakimbia na taulo kichwani kuwasha sahani ya umeme itakayokaa ya moto mpaka kesho, kwa sababu Sabato ikiingia hakuna kuwasha wala kuzima. Mwingine anachana karatasi za chooni vipande vipande na kuzipanga, kwa kuwa kuchana nako ni kazi. Mwalimu amepanda kwenye stuli, ameingiza mkono ndani ya friji, anafungua balbu ili mlango ukifunguliwa kesho taa isiwake. Viazi vyangu vikaingia kwenye chungu cha umeme pamoja na nyama, maharagwe na shayiri. Chakula hicho wanakiita cholenti. Huwekwa motoni Ijumaa, kikatokota usiku kucha, kikaliwa Jumamosi mchana, kwa sababu kupika siku yenyewe hairuhusiwi. Saa 2:09 bado mtu anatafuta kiatu. Saa 2:12 mwenye nyumba akapiga kiberiti, akawasha mishumaa miwili, akaizungushia mikono mara tatu, akafunika macho kwa viganja.

Alipoviondoa, alikuwa mtu mwingine. Simu zilikuwa zimeshaingia kwenye droo. Hakuna aliyekuwa anakimbia. Kilichokuwa hakijafanyika hakitafanyika tena, na hakuna aliyekitaja.

Mimi nilikuwa nimeichukulia Sabato kama orodha ya makatazo, na makatazo yapo kweli. Wanazuoni wao wameyapanga katika aina 39 za kazi. Lakini nilichokiona ni kitu kingine. Nimeishi New York mwaka wa tatu sasa, nimezoea marafiki wa "tutawasiliana", na mimi mwenyewe ni bingwa wa "niko njiani" nikiwa bado natafuta soksi. Watu wale kwa saa ishirini na tano hawakuwa na njia ya kuwasiliana. Aliyesema atakuja kula Jumamosi saa 7 mchana, ilibidi aje, maana hawezi kutuma udhuru. Na asiyeweza kufika kwa miguu si jirani yako, hata kama ni rafiki. Ndiyo sababu vijana hawa wanalipa kodi za kutisha kukaa mitaa ile ile. Wanalipia umbali wa kutembea.

Mezani tulikuwa kumi na mmoja. Wakabariki divai, mimi nikapewa juisi ya zabibu. Wakanawa mikono kwa kikombe chenye masikio mawili, kisha hakuna kusema neno mpaka mkate uonjwe, na ukitaka kuwaona watu kumi wenye maneno mengi wakinyamaza kwa ishara za nyusi, nenda hapo. Mikate ilikuwa minne. Mama alishinda.

Baada ya supu wakanigeukia. Siku kumi nyuma, tarehe 24 Juni, Zohran Mamdani alikuwa ameshinda kura ya mchujo ya chama cha Democratic kuwania umeya wa New York, na kijana huyo alizaliwa Kampala mwaka 1991. Pale mezani wawili walimpigia kura kwa furaha, watatu walikuwa na hofu naye kwa sababu ya msimamo wake kuhusu Israeli, mmoja alikuwa amechoka kuulizwa. "Wewe ni wa kule," wakasema, "hebu tuambie." Nikawaambia Kampala iko mbali na Pemba, sisi tuna bahari na wao wana ziwa, na ninachokijua zaidi cha Kampala ni rolex, nayo ni mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati. Wakataka kujua inapikwaje. Gaza nayo ilitajwa. Mmoja alisema, mwingine akajibu, sauti zikapanda, na mwenye nyumba akagonga meza: baada ya keki. Nilidhani ni njia ya kuizima. Kumbe hapana; keki ililiwa, na wakarudi pale pale, kwa saa nzima, na mmoja akatoka kwenda kusimama kwenye ngazi. Alirudi.

Ilipofika saa 3:25 usiku madirisha yakaanza kutetemeka. Fashifashi za jiji mwaka huo zilirushwa kutoka Mto East, karibu na Daraja la Brooklyn, na roshani ya nyumba ile inatazama huko. Ukatokea mjadala mdogo: je, Sabato inaruhusu? Mwalimu akasema hatukuziwasha sisi, wala hazikuwashwa kwa ajili yetu, na kutazama si kazi. Wakatoka wote na vikombe vyao. Chini barabarani maelfu ya watu walikuwa wameinua simu juu, vioo vinang'aa kama samaki wavuni. Juu kule tulikuwa watu kumi na mmoja tusio na simu mkononi, na nilijikuta mara mbili nimeupeleka mkono mfukoni bila kujua.

Usiku kiyoyozi kikazimika, kwa kuwa kifaa cha kuhesabu muda kilipangwa vibaya. Wao hawawezi kukiwasha, wala hawaruhusiwi kuniambia niwashe. Mwenye nyumba akasimama katikati ya sebule, akasema kwa dari: "Jamani, leo joto." Mtu wa pwani mafumbo ndiyo lugha yake ya kwanza, nikainuka, nikasema hata mimi nasikia joto, nikabonyeza. Colin Powell, aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliwahi kusimulia kwamba ujanani kule Bronx alikuwa akiwawashia majirani zake Wayahudi taa siku ya Sabato. Nikalala nikijiona niko kwenye msafara wa watu wakubwa.

Sasa hapa kuna jambo. Jumamosi ile, kwa hesabu ya msikiti ninaoswali, ilikuwa mwezi 10 Muharram, Ashura. Nimeifunga tangu utotoni, na sababu yake tumefundishwa chuoni: Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina aliwakuta Wayahudi wamefunga kumshukuru Mungu aliyemwokoa Musa na Firauni, naye akafunga. Basi siku hiyo nilikuwa nimefunga kwa ajili ya Musa, nimezungukwa na watu wa Musa, wao wanakula. Kwao Sabato haifungwi, isipokuwa ikigongana na Siku ya Upatanisho. Nilipomwambia mwenyeji wangu, alifikiri kidogo, akasema, "Basi cholenti yako naiweka pembeni." Daku nilikula gizani, mbele ya friji isiyo na taa.

Tulikwenda Sinagogi ya Bialystoker. Jengo hilo la mawe lilijengwa mwaka 1826 likiwa kanisa la Wamethodisti. Mwaka 1905 likanunuliwa na wahamiaji waliotoka Białystok, mji ambao leo uko Poland. Darini zimechorwa buruji kumi na mbili. Mlangoni palikuwa na mlinzi, na si wa mapambo: mwezi Mei wafanyakazi wawili vijana wa ubalozi wa Israeli walipigwa risasi wakafa nje ya makumbusho ya Kiyahudi mjini Washington, na tarehe 1 Juni watu waliokuwa kwenye matembezi ya kuwakumbuka mateka walioshikiliwa Gaza walirushiwa moto huko Boulder, Colorado. Mwenyeji wangu alimsalimu mlinzi kwa jina, akamuuliza goti lake linaendeleaje, akapanda juu wanakoketi wanawake.

Fungu la Torati la wiki hiyo lilikuwa lile ambalo watu wana kiu jangwani na Musa anaupiga mwamba kwa fimbo, maji yakabubujika. Kisa hicho na Kurani inacho, na chemchemi zake kumi na mbili. Jirani yangu alinifunulia kitabu chenye tafsiri ya Kiingereza, akaniwekea kidole kwenye mstari. Maji, maji, maji. Koo langu lilikuwa kama ubao.

Mchana wao walikula, wakaimba wakipiga meza, wakalala kwenye makochi kama watu waliopigwa na kitu. Saa 11 jioni wakaamka kwenda kwa marafiki wa Williamsburg, ng'ambo ya mto, kwa mlo wa tatu wa Sabato. Kwa miguu.

Kabla ya kutoka kila mtu alitoa vitu mfukoni. Sabato hairuhusu kubeba kitu nje ya nyumba, ila ndani ya mpaka maalumu, aghalabu waya uliozungushwa juu ya nguzo, uitwao eruvu, unaohesabiwa kana kwamba mtaa wote ni ua mmoja. Kuhusu waya wa Manhattan, wanazuoni hawakukubaliana. Rabi Moshe Feinstein, aliyefariki mwaka 1986 na ambaye mtaa wake ulikuwa huu huu, aliupinga, na wapo wanaomfuata mpaka leo. Mwenyeji wangu ni mmoja wao. Ufunguo wa nyumba aliufanya kibwebwe: umeshonwa kwenye mkanda, unafunga kiunoni, kwa hiyo haubebwi, unavaliwa.

Nani basi alikuwa na mzigo? Mimi. Nilipanda Daraja la Williamsburg, lililofunguliwa mwaka 1903, zaidi ya kilomita mbili za mwinuko na mteremko, nimefunga, nimekumbatia bakuli la plastiki lenye cholenti yangu mwenyewe, huku wenzangu sita wakitembea mikono nyuma kama wakaguzi wa shule. Tulipishana na wazee Wayahudi wa Kihasidi wenye kofia za manyoya katika joto la Julai, wake na watoto wakiwafuata. Mmoja alilitazama bakuli, akanitazama mimi, akatabasamu mpaka ndevu zikapanuka. Alilielewa lote.

Jua lilizama tukiwa kwenye paa la nyumba ya wenyeji wetu wapya. Nikafungua kwa tende na maji, halafu cholenti, baridi, imeganda mafuta. Nimekula futari nyingi, ile sitaisahau. Viazi vilikuwa vya kahawia mpaka moyoni.

Kisha tukangoja nyota tatu. Zilipotokea, kiasi cha saa 3:20, wakawasha mshumaa uliosukwa kama nywele, wenye tambi kadhaa, wakajaza kikombe cha divai mpaka kikamwagika, wakapitisha kibweta cha fedha chenye vitundu. Ibada hiyo wanaiita havdala, maana yake ni kutenganisha. Harufu nzuri ni ya kuifariji nafsi kwa kuondokewa na Sabato. Kibweta kikanifikia. Nikanusa.

Karafuu.

Nilisimama pale juu ya paa la Brooklyn nikauona uwanja wa bibi yangu, majamvi yametandikwa, mvua inatishia, sisi watoto tunapigiwa kelele tukusanye. Nikawaambia hii ni ya kwetu, hii inatoka Pemba, na nilisema kwa sauti iliyopasuka kidogo. Mwenye nyumba wa pale akafurahi, akakimbilia jikoni kuleta pakiti ili athibitishe. Ilikuwa imeandikwa Indonesia. Akaificha nyuma ya mgongo, lakini nilikwisha kuona.

Mshumaa ukazimwa kwenye divai, na mara simu za wenyeji wetu wapya. Zilikusanya ujumbe wa siku nzima, zikaanza kutetemeka kwa pamoja. Wakatoka kwenda kuimba karaoke mpaka saa 8 usiku. Hapo mimi nilikwenda kulala.

Jumapili nilikuwa dereva. Walikodi gari la watu saba, na katika wote mwenye leseni na usingizi wa kutosha nilikuwa mimi peke yangu. Tukapanda kaskazini magharibi kuelekea Catskills, wilaya ya Sullivan, kule ambako bibi za abiria wangu walikuwa wakikimbilia joto la jiji. Mwaka 1877 tajiri wa benki Joseph Seligman alikataliwa chumba katika hoteli kubwa ya Saratoga Springs kwa sababu ya Uyahudi wake, na miaka mingi baadaye hoteli nyingi za mapumziko ziliendelea kufunga milango hivyo hivyo. Basi Wayahudi wakajenga za kwao. Grossinger's mjini Liberty ilikuwa kama mji kamili. Kwenye nyingine, Kutsher's, mwaka 1954, kijana aliyebeba mabegi ya wageni alikuwa Wilt Chamberlain, kabla dunia haijamjua kwa mpira wa kikapu. Kijana mwenye urefu ule, nadhani mabegi aliyapitishia dirishani. Milango mingine ilipofunguka, na viyoyozi vikaingia majumbani, na ndege zikashuka bei, wageni wakapungua. Grossinger's ilifungwa mwaka 1986, nyingine iliyoitwa Concord 1998, Kutsher's 2013. Leo wanaojaza milima ile kiangazi ni hasa Wayahudi Waorthodoksi, na nyumba zao ndogo za mbao na kambi za watoto.

Kwa nini harusi iwe wikendi ya sikukuu, barabara zimejaa? Kwa sababu Jumapili iliyofuata, tarehe 13 Julai, ilikuwa siku ya 17 ya mwezi wa Tamuzi, siku ya saumu, mwanzo wa wiki tatu za huzuni kwa kuta za Yerusalemu zilizobomolewa na Hekalu lililoteketezwa. Katika wiki hizo hakuna harusi wala muziki. Kwa hiyo wenye kuoa wote hubanana kabla ya hapo. Abiria wangu walidhani nitahitaji maelezo marefu. Nikawauliza kama wamewahi kuwa Zanzibar mwezi wa Shaabani, wiki mbili kabla ya Ramadhani, mtu ana kadi nne za harusi kwa siku moja na suti moja.

Bibi harusi na bwana harusi walisimama chini ya kitambaa kilichoshikiliwa kwa miti minne, uwanjani, nzi wakubwa wa milimani wakitusumbua. Bwana harusi akakanyaga glasi kwa kisigino, ikalia pa, na watu wakapiga kelele za furaha, ingawa glasi ile huvunjwa kulikumbuka Hekalu lile lile. Halafu ngoma. Wanaume mduara wao, wanawake wao, maharusi juu ya viti wamenyanyuliwa mabegani, bwana harusi ameshika kiti kwa mikono miwili kama abiria wa mashua ya Mkokotoni siku ya kusi. Nilipokonywa koti, nikasukumwa katikati. Mwenye kukosa kazi alikuwa anarusha machungwa matatu hewani huku anacheza. Nikajua sasa kazi yake ni nini.

Tulirudi saa 6 usiku. Nyuma yangu watu watano, viatu mikononi, nywele zimeanguka. Nilidhani watalala. Mwenyeji wangu, aliyekaa mbele, akaniambia nifungulie redio mpaka mwisho, kwani wamebakiwa na siku saba tu za muziki. Tukasikiliza kila kitu. Mwishowe akaniambia, "Sasa weka wa kwenu." Nikaweka taarabu, ile ya zamani, ya fidla na kanuni, na wale watu waliocheza saa nne mfululizo wakaanza kupiga makofi, kwa nguvu, bila aibu, pasipo pake hata mara moja, mpaka tukaliona Daraja la George Washington na taa zake.